Mkorogo, Madoa na Dola: Historia Fupi ya Ngozi Zetu

Ukipita kwenye maduka ya vipodozi yaliyo jirani na Soko Kuu la Songea utaona kwamba neno "weupe" limeanza kuadimika. Mahali pake pamechukuliwa na neno "madoa". Krimu inaondoa madoa, sabuni inafuta madoa, losheni inasawazisha rangi. Mteja haahidiwi tena kuwa atakuwa mweupe. Anaahidiwa kuwa atakuwa safi. Badiliko hili la lugha ni dogo, lakini linastahili kutazamwa. Weupe ni kitu ambacho mtu anaweza kukitamani au kukikataa. Doa ni kosa, na kosa hurekebishwa. Kwa njia hiyo rangi aliyozaliwa nayo mtu hugeuzwa kuwa kosa bila yeyote kuitukana.

Sidai kwamba madoa ni ya kubuni. Watu wanayo kweli, na yanawasumbua kweli. Hapa mjini baadhi ya watu huniita Daktari, na wapo wanaodhani nafanya kazi hospitali. Hivi karibuni mama mmoja wa Msamala, mwenye umri wa kunizaa, alinisimamisha. Nilipomwamkia akaitikia, kisha akaniambia: "Daktari mwanangu, haya madoa ya mashavuni yanaongezeka kila nikipaka dawa. Nibadilishe dawa?" Nikamweleza kwamba udaktari wangu ni wa vitabu, si wa ngozi. Akanitazama kwa huruma: "Sasa wewe daktari wa nini?"

Swali lake la pili nimeshindwa kulijibu hadi leo. La kwanza, hata hivyo, lina historia ndefu ndani yake, na historia ndiyo kazi yangu. Yanaongezeka kila nikipaka dawa: sentensi hiyo imekwishasemwa Nairobi, Pretoria na Dar es Salaam kwa zaidi ya nusu karne.

Tuanze na mwili wenyewe. Rangi ya ngozi hutokana na melanini, inayotengenezwa na chembe maalumu zilizo chini ya tabaka la juu la ngozi. Idadi ya chembe hizo kwa mtu mweusi na kwa mtu mweupe ni karibu sawa. Tofauti iko katika wingi na aina ya melanini zinayoitoa. Ngozi nyeusi ni nyepesi wa kujibu. Ikisumbuliwa na chunusi, ikiungua, ikikunwa au kusuguliwa kwa nguvu, huacha alama nyeusi kuliko sehemu inayoizunguka. Alama hiyo ni kumbukumbu ya jeraha, na mara nyingi hufifia yenyewe baada ya miezi kadhaa ikiachwa bila kuchokozwa. Yapo pia mabaka ya kahawia ya mashavuni, kwenye paji la uso na juu ya mdomo, ambayo madaktari huyaita melasma. Haya huwapata zaidi wanawake, hasa wakati wa ujauzito au wanapotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni, na jua huyakoleza. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na wengi wetu tunaishi kwa jembe na mahindi. Baridi ya Juni isimdanganye mtu. Jua la hapa ni kali hata siku inapokuwa na upepo.

Wazee wetu nao waliyachunguza mabaka ya ngozi, ila kwa sababu nyingine. Baka lililoogopwa lilikuwa jeupe au jekundu, tena lisilohisi kitu, kwa kuwa lingeweza kuwa mwanzo wa ukoma. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, ingawa adhabu ya kutengwa iliyoambatana nayo ilikuwa ya kikatili. Hadi leo baka lililopauka na lililokufa ganzi halipakwi kitu cha dukani. Linapelekwa hospitali, ambako dawa za ukoma hutolewa bure na ugonjwa hupona. Swali la zamani lilikuwa, "Je, anaumwa?" Nani basi aliyetufundisha kuuliza, "Je, rangi yake ni ya namna gani?"

Jibu la haraka, ambalo wanafunzi wangu hulipenda, ni kwamba mkoloni ndiye aliyetufundisha. Jibu hilo linatuburudisha mno, kwa hiyo ni vema kulishuku. Kabla ya Mjerumani, misafara ya watumwa na pembe ilikuwa ikipita katika nchi hizi kutoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa. Huko mwambao kulikuwa na jamii iliyojipanga kwa nasaba, na madai ya kuwa na asili ya Uarabuni yalimpandisha mtu hadhi, wakati aliyetoka bara aliitwa mshenzi. Rangi haikuwa kipimo pekee cha uungwana, lakini haikuwa nje ya mizani. Mpaka sasa lugha yetu ina ngazi zake, mweusi tii, maji ya kunde, cheupe, na hakuna Mswahili anayehitaji kuelezwa ni ipi inayosifiwa zaidi. Upo hata msemo wa mitaani, "cheupe dawa". Lugha imekwishatoa tiba kabla ya duka kufunguliwa.

Mkoloni alileta kitu kingine, nacho ni namba. Wajerumani waliweka kituo chao cha kijeshi hapa Songea mwaka 1897. Pamoja na askari alikuwapo daktari wa jeshi, Friedrich Fülleborn, aliyezunguka nchi za Ziwa Nyasa na Ruvuma mwishoni mwa miaka ya 1890 akipima miili ya watu na kuandika habari zao. Kitabu chake kikubwa juu ya eneo la Nyasa na Ruvuma kilichapishwa mwaka 1906. Mwaka huohuo, tarehe 27 Februari, mashujaa wa Majimaji walinyongwa hapahapa mjini, na Nduna Songea Mbano, ambaye mji unabeba jina lake, akanyongwa naye katika siku hizo. Nchi ilikuwa inapimwa na kunyongwa kwa wakati mmoja.

Vipimo vya aina hiyo vilikuwa na makao yake makuu Berlin. Huko mwanaanthropolojia Felix von Luschan alikuwa amebuni kipimo cha rangi ya ngozi: vigae 36 vya kioo, kuanzia cha rangi iliyopauka kabisa hadi cheusi kabisa. Mpimaji aliweka kigae kando ya ngozi ya mtu, sehemu isiyopigwa na jua, kama vile upande wa ndani wa mkono, akaandika namba. Ndiye huyohuyo von Luschan aliyekusanya maelfu ya mafuvu ya binadamu kutoka pande mbalimbali za dunia. Zaidi ya 1,000 kati ya hayo yalitoka katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Wazao wa Songea Mbano wanaamini kwamba kichwa cha babu yao nacho kilipelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alifika katika Makumbusho ya Majimaji, akaomba msamaha, na akaahidi kwamba nchi yake itasaidia kulitafuta fuvu hilo.

Sisemi kwamba vigae vya Berlin ndivyo vilivyoleta mkorogo Majengo na Lizaboni. Hakuna bibi yetu aliyejipaka krimu kwa sababu ya kigae namba 30. Ninachosema ni kwamba ngazi ya mwambao ilikuwa ya maneno, na maneno yanaweza kubishaniwa. Ngazi ya Berlin ilijivika joho la sayansi. Hata tiba ya kisasa haijajitoa kabisa katika kivuli hicho. Kipimo cha aina za ngozi kinachotumiwa na madaktari duniani kote, kilichoasisiwa Marekani na Thomas Fitzpatrick mwaka 1975, kilianza kwa kuzigawa ngozi nyeupe tu kulingana na jinsi zinavyoungua kwa jua. Ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye, zikapewa nafasi ya tano na ya sita.

Kemia nayo ilikuwa ikipata njia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1930, wafanyakazi weusi katika kiwanda kimoja cha ngozi nchini Marekani waligundua kwamba mikono yao inapoteza rangi kwa mabaka. Uchunguzi ulionyesha kwamba glavu za mpira walizopewa zilikuwa na kemikali ya jamii ya haidrokwinoni, iliyowekwa ili kuzuia mpira usichakae. Kwa wafanyakazi wale yalikuwa madhara ya kazini, jambo la kulalamikiwa na kulipwa fidia. Wenye viwanda vya vipodozi waliiona fursa. Madhara ya mfanyakazi yaligeuzwa kuwa bidhaa, na ndani ya miongo michache haidrokwinoni ikaingia kwenye vichupa vya urembo, ikishindana na zebaki iliyotangulia. Mwanahistoria Lynn M. Thomas, ambaye kitabu chake juu ya biashara hii kilitoka mwaka 2020, ameifuatilia njia hiyo kati ya Marekani, Afrika Kusini na Afrika Mashariki, na yeyote anayedhani kwamba kujichubua ni upumbavu wa wanawake wachache afadhali akisome.

Miaka ya 1960 jina lililotawala kwetu lilikuwa Ambi. Matangazo yake yalionyesha wasichana wa mjini, makarani na wauguzi, watu wenye mshahara na tabasamu. Uzuri ulioahidiwa ulikuwa wa kisasa, wa Kiafrika, wa watu waliojitawala. Hapo ndipo palipokuwa na ujanja wake, kwa kuwa uhuru na krimu viliuzwa katika ukurasa mmoja.

Dola changa ya Tanzania haikufurahishwa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze kutekelezwa tarehe 1 Januari 1969. Vilivyopigwa vita ni sketi fupi, nywele za bandia, suruali za kubana na krimu za kujichubua. Makundi ya vijana yaliwavamia wanawake mitaani Dar es Salaam, hasa maeneo ya Kariakoo, na kurasa za barua za magazeti zikajaa mabishano kwa miezi. Baadhi ya waandishi waliuliza swali ambalo mpaka leo halijapata jibu zuri: kwa nini utamaduni wa taifa unalindwa kwa kuwararua wanawake nguo, ilhali mwanamume wa suti ya Kizungu anapita salama?

Kuna jambo jingine ambalo wanaoisifu operesheni hiyo husahau kulitaja. Katika miaka hiyohiyo Serikali iliendesha kampeni ya kuwavisha Wamasai nguo za "kistaarabu" na kuwataka waache kujipaka udongo mwekundu. Msichana wa Dar es Salaam alikatazwa krimu kwa kuwa ni ya Kizungu mno, na Mmasai akakatazwa udongo kwa kuwa si wa kisasa vya kutosha. Ngozi ilikuwa ya raia lakini ruhusa ilikuwa ya chama. Ujamaa ulikuwa na mema yake mengi, na mimi ni zao la shule zake. Hili halikuwa miongoni mwa mema hayo.

Mjadala wote wa mwaka 1968 uliendeshwa kwa lugha ya heshima, utamaduni na utumwa wa mawazo. Neno sumu halikupewa uzito unaostahili, ilhali sumu ilikuwapo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi juu ya wagonjwa 60 watu wazima waliokuwa wamevimba mwili kwa sababu figo zilipoteza protini nyingi. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Miaka mitatu baadaye, Pretoria, daktari wa ngozi George Findlay akaeleza ugonjwa aliouona kwa wanawake weusi waliotumia haidrokwinoni kwa muda mrefu: ngozi ya mashavu ilikuwa imekuwa nzito, yenye vidoto vya bluu iliyokolea weusi, kama mbegu ndogo zilizomwagwa chini ya ngozi. Ugonjwa huo huitwa okronosisi. Hutokea pale hasa palipopakwa dawa na kupigwa na jua, na kuuondoa ni kazi ngumu mno.

Hapa ndipo lilipo jibu la yule mama wa Msamala. Krimu hupunguza melanini, na melanini ndiyo mwavuli wa ngozi dhidi ya jua. Mwavuli ukitobolewa, jua linaingia zaidi, ngozi inajitetea kwa kukoleza rangi pale inapoweza, na mtumiaji akiona weusi umerudi anaongeza krimu. Baada ya miaka, haidrokwinoni yenyewe huanza kuacha rangi yake. Steroidi, ambazo siku hizi huchanganywa katika mikorogo mingi, zina mtego wa namna nyingine. Siku za mwanzo chunusi hutulia na uso hulainika. Kisha ngozi hukonda, mishipa midogo huonekana, michirizi hutokea, na mtu akiacha ghafla uso huwaka na chunusi hurudi kwa wingi. Anayeona hivyo huamini kwamba kosa lake lilikuwa kuacha. Utafiti uliofanywa kwa wanawake wa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2011 ulitaja sababu zao za kujichubua. Tamaa ya weupe ilikuwamo, pamoja na kumpendeza mwenzi. Lakini zilikuwamo pia kuondoa chunusi na vipele, na kufuta madhara yaliyoletwa na kujichubua kwenyewe. Wengine walikuwa wananunua tiba ya tiba.

Afrika Kusini ilizuia zebaki katika miaka ya 1970, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikapiga marufuku vipodozi vyote vya kung'arisha ngozi. Ulaya ilikwenda kwa mwendo wa kupendeza. Sheria ya mwaka 1976 iliizuia zebaki katika vipodozi vya Wazungu wenyewe, lakini sabuni yenye zebaki iliendelea kutengenezwa huko kwa ajili ya kuuzwa nje, na Afrika ilikuwa soko lake. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 2003 ndipo kanuni ya Umoja wa Ulaya ilipotaja waziwazi kwamba sabuni hiyo hairuhusiwi kusafirishwa nje. Kwa zaidi ya robo karne kitu kilichokuwa sumu kwenye shavu la Ulaya kilikuwa bidhaa kwenye shavu la Afrika.

Kwetu, uhaba wa miaka ya 1970 na 1980 ulifanya kazi ambayo Operesheni Vijana haikuimaliza. Wakati sabuni ya kufulia yenyewe ilikuwa ya kupanga foleni, krimu ilikuwa anasa ya wachache. Ikaja enzi ya ruksa chini ya Mzee Mwinyi, milango ya biashara ikafunguliwa, na vichupa vikarudi kwa wingi ambao haujawahi kuonekana. Mwaka 2003 Bunge lilitunga Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi, na TFDA ikaundwa. Zebaki, haidrokwinoni na steroidi zikakatazwa katika vipodozi. Mwaka 2019 majukumu ya vipodozi yakahamishiwa Shirika la Viwango, TBS, na TFDA ikawa TMDA. Sheria, kwa hiyo, tunayo, na inalenga mahali panapostahili: inamwandama mwenye bidhaa, haimwandami mwenye uso.

Tabia yetu ya kisiasa lakini haijaifuata sheria hiyo. Septemba 2018 Spika Job Ndugai alipiga marufuku wabunge wenye kope na kucha za bandia kuingia bungeni. Nusu karne baada ya Operesheni Vijana, mlango wa kukaguliwa ulikuwa umehama kutoka Kariakoo kwenda Dodoma, na waliosimamishwa mlangoni walikuwa walewale. Mitaani nako kejeli ni nyingi kuliko ushauri. Mwanamke mwenye uso mwekundu na vifundo vya vidole vyeusi huchekwa na kundi lilelile la wanaume ambalo, jioni, humsifu aliye mweupe. Nimewasikia wasomi wenzangu wakifanya hivyo katika vyumba vya walimu. Mwanamke huyo, akiwa na tatizo halisi la ngozi, ana duka linalomwita na mtaa unaomcheka. Daktari wa ngozi yuko mbali. Kituo cha kufunzia wataalamu wa magonjwa ya ngozi kwa ukanda huu kipo Moshi, penye hospitali ya KCMC, tangu mwaka 1992, na kimefanya kazi kubwa. Lakini kutoka Songea hadi Moshi ni safari ya kuvuka nusu ya nchi.

Mambo ambayo wataalamu hao husema si ya siri wala ya gharama kubwa. Madoa ya chunusi yaachwe yafifie na yasisuguliwe. Kofia pana shambani na kinga ya jua usoni hufanya kazi ambayo krimu ya kuchubua haiwezi kuifanya. Dawa za kupunguza mabaka zipo, hata haidrokwinoni yenyewe, lakini hutolewa na daktari kwa kiasi na kwa muda maalumu, kisha husimamishwa. Aliyezoea mkorogo wenye steroidi aende hospitali asaidiwe kuuacha polepole. Kichupa kisichoandikwa viambato vyake, hata kikiitwa cha mitishamba, hakina sababu ya kuaminiwa.

Ipo pia aibu nyingine ambayo historia hii haiwezi kuipita kimya. Katika nchi hii, tangu katikati ya miaka ya 2000, ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa na watu walioamini kwamba viungo vyao ni dawa. Kwao madoa ya kahawia usoni na mikononi ni onyo la jua, na jua huwapa saratani ya ngozi katika umri mdogo. Wao hasa ndio wanaohitaji krimu kama tunavyohitaji chakula. Krimu ya kinga ya jua kwa ajili yao hutengenezwa hapahapa nchini, Moshi. Wiki iliyopita niliulizia kinga ya jua katika maduka matatu ya vipodozi karibu na soko. Mawili hayakuwa nayo. La tatu muuzaji aliingia ndani, akakaa kidogo, akarudi na kichupa na kuniambia kwamba hicho ni bora zaidi, kwa kuwa kinakinga jua na kuondoa madoa kwa wiki mbili.